Kidonge Kilicholetewa Mke Mwenza

Batuli binti Maulidi hakuonja chakula kwa mwiko hata siku moja. Alichota mchuzi kidogo kwa upawa, akautonesha katikati ya kiganja cha mkono wa kushoto, akangoja upoe, kisha akaulamba huku amefumba macho. Hivyo ndivyo alivyoonja sufuria za pilau za harusi, zile ambazo mtu mzima angeweza kuingia akachutama ndani yake, na hivyo ndivyo alivyoonja kikombe cha uji wake mwenyewe asubuhi. Hata maji ya kunywa, akiwa ugenini, aliyatonesha kiganjani kwanza, na wenyeji wengine walichukia wakidhani anaogopa kulishwa kitu. Mdogo wake, Rukaya, alipokuwa msichana alimuuliza kwa nini haonji kwa kijiko kama watu wengine. "Kijiko kina ladha ya bati," akamjibu. "Mkono wangu naujua." Tabia hiyo hakuiacha alipokuwa mzima, wala alipougua, wala siku zile alipoletewa chakula akakitazama kama kimeletwa kwa mtu mwingine. Alitonesha, akalamba, akasukuma sahani.

Alikuwa mpishi wa shughuli. Pale Bagamoyo, kuanzia Magomeni hadi Dunda, na pengine hadi Lugoba kwa jamaa zao wa upande wa mama, mtu akioza binti au akisoma hitima ya baba yake alimwendea Batuli kabla hajatafuta viti. Watu walisema ana mkono, yaani chakula chake hakikufanana na cha mwingine hata kama viungo ni vilevile. Jikoni kwake, uani chini ya turubai, kila mwanamke alikuwa na kazi yake: huyu vitunguu, yule kuchambua mchele, yule kukuna nazi. Chumvi tu ndiyo ambayo hakuna aliyeigusa isipokuwa yeye. Aliitia kwa kufinya, mara kwa mara, si kwa kumimina, na baina ya mara moja na nyingine alikitazama kiganja chake kama daktari anayesubiri kipimo.

Siku ugonjwa ulipojitokeza walikuwa kwenye harusi. Rukaya anaikumbuka kwa sababu alikuwa amesimama ubavuni mwake ameshika kawa. Batuli alitonesha mchuzi, akalamba. Akatonesha tena. Akafuta kiganja kwenye kanga, akatonesha mara ya tatu, kisha akamkabidhi Rukaya upawa.

"Onja wewe," alisema. "Mimi sisikii kitu."

Akavua aproni, akaondoka kwenda nyumbani, akalala. Hakuna aliyekuwa amekufa mwaka ule. Mumewe alikuwa amemwacha zamani na kidonda kile kilikwisha kupona. Mtoto hakujaaliwa, na hilo nalo alikuwa amekwisha kulizoea. Watu walitafuta sababu wakakosa, na walipokosa wakaitengeneza: kafungwa ulimi na wapishi wenzake, hasa Mwanahija wa Nianjema, ambaye siku zote alikuwa wa pili. Mwanahija mwenyewe aliposikia alikuja mpaka mlangoni, akasimama na mikono kiunoni. "Mimi nimfunge Batuli?" alisema. "Batuli akiwa hapiki mimi nitamsema nani?" Wengine walisema anatia chumvi, hana ugonjwa wowote, kachoka kazi anataka kubembelezwa.

Rukaya alijua kwamba hatii chumvi. Alimwogesha. Alimsikia akikaa kimya saa nzima akitazama ukuta ambao haukuwa na kitu. Mara moja tu Batuli alijaribu kumweleza. "Huzuni naijua, Rukaya. Mama alipokufa nilikuwa na huzuni, nilijua iko wapi na inataka nini. Hii haitaki kitu. Imekaa tu." Sheikh alikuja akamsomea. Kaka yao, Hamidu, dereva wa lori la kokoto huko Lugoba, alimpeleka kwa mganga upande wa Ubena, wakarudi na hirizi na harufu ya moshi. Mwishowe Rukaya alimpeleka hospitali mjini, na muuguzi mmoja aliyeitwa Ashatu akasikiliza mpaka mwisho bila kukatiza, kisha akasema ugonjwa huo una jina, unaitwa sonona, na una dawa.

Dawa ilikuwa kidonge cha rangi mbili, kimoja kila asubuhi. Ashatu aliwaonya kwamba hakifanyi kazi kwa siku moja, na kweli wiki zilipita Batuli akimeza kama anayemezea mtu mwingine. Kisha asubuhi moja aliinuka akaoga mwenyewe. Baadaye akaanza kukaa barazani. Rukaya alingoja hatua inayofuata, nayo haikuja. Walimwongezea kipimo. Walibadilisha kidonge, wakampa cha aina nyingine, akaumwa kichwa siku nyingi, kisha akarudi palepale: anaoga, anavaa, anakaa barazani, anaitikia salamu, na hakuna zaidi.

"Nimefika nusu ya njia," alimwambia Hamidu. "Gari limekwisha mafuta."

"Tulisukume," Hamidu akasema.

"Lisukume wewe. Mimi niko ndani."

Miaka minne ikapita hivyo. Shughuli zilikwenda kwa jina la Batuli, lakini chumvi alitia Rukaya, na watu waliokula walisifu kwa adabu. Rukaya alijua tofauti. Kila alipofinya chumvi alihisi ameingia chumbani mwa mtu bila kubisha hodi. Hakutaka urithi ule. Alitaka dada yake arudi aushike upawa, amwambie kaa pembeni, we mtoto, unaharibu.

Ashatu ndiye aliyewaandikia waende Dar es Salaam, kwa daktari bingwa. Daktari huyo alikuwa mama wa makamo kutoka bara, mpole, anayeongea taratibu. Safari ya kwanza Rukaya alikuwapo. Daktari alisoma maelezo yote, akamwuliza Batuli maswali ambayo hakuna aliyewahi kumwuliza, kisha akasema kidonge cha kwanza hakijashindwa, ila kimefika mwisho wa nguvu zake. Hawatakiondoa. Watakiongezea kingine cha kukisaidia, kinachoitwa lithiamu. Hicho cha pili, alisema, kina nguvu lakini kina masharti: lazima damu ipimwe kila mara, kwa sababu kikiwa kidogo mwilini hakisaidii, na kikizidi kinadhuru. Nafasi kati ya kidogo na kuzidi ni nyembamba.

Waliporudi, wanawake wa jirani walikuwa wamekaa mkekani wakichambua mchele. Wakauliza habari za Dar. Batuli akaketi, akavua viatu.

"Kidonge changu kimeletewa mke mwenza," alisema.

Wanawake wakaacha kuchambua.

"Mkubwa kachoka," akaendelea, "hazai tena. Sasa kaletewa mdogo. Na huyu mdogo ana makuu, kila wiki anataka damu."

Wanawake wakaangua kicheko. Rukaya alinyanyuka kama anayekwenda kutazama moto, akazunguka nyuma ya nyumba, akalia huku ameziba mdomo kwa kanga. Ilikuwa miaka minne tangu amsikie Batuli akitania.

Kweli mke mdogo aliiamsha nyumba. Haikuwa ghafla. Kwanza Batuli aliomba chai ya tangawizi, akaitonesha kiganjani, akalamba, akasema imezidi sukari. Rukaya alisimama na birika mkononi akamwomba aseme tena. Kisha akagombana na muuza vitunguu mpaka watu wakatoka kutazama. Kisha asubuhi moja Rukaya aliamka akakuta jiko limewashwa, na Batuli ameinama anapuliza, macho yanamtoka machozi ya moshi, anaimba kitu bila maneno. Damu ilipimwa, ikawa sawa. Ikapimwa tena.

Katika siku zile Rukaya hakuwa na amani hata kidogo. Alikuwa kama mtu aliyebeba maji kwa mikono. Alihesabu vidonge kwa macho kila alipopita karibu na kabati. Aliogopa mvua, aliogopa wageni, aliogopa habari mbaya za redioni. Chochote kingeweza kumrudisha dada yake kule alikokuwa, na safari hii asingekuwa na nguvu ya kumngoja. Kwa hiyo kila neno la daktari alilishika kama amri.

Safari iliyofuata ya Dar iliangukia siku ya hitima ya mzee mmoja wa Dunda. Chakula kilikuwa kimekwisha kuagizwa. Rukaya alibaki kupika, Hamidu akaomba ruhusa kazini akampeleka Batuli. Walirudi alasiri. Batuli aliingia ndani kulala, amechoka, na Rukaya akamkamata Hamidu uani kabla hajapewa hata maji.

"Wamesemaje, kaka?"

"Damu nzuri. Kaongeza kidogo dawa."

"Na nini tena?"

"Mengi. Anywe maji. Asiruke siku. Tukamkute tena mwezi ujao." Hamidu alijikuna shingo, akajaribu kukumbuka. "Na chumvi. Kasema chumvi yake muiangalie. Kumbe dawa yenyewe ni aina ya chumvi."

"Chumvi hii?"

"Siyo hii ya mashamba ya chumvi ya Nunge. Chumvi ya kwenye mawe huko. Lakini ni chumvi."

"Dada alisikia?"

"Alikuwa amepelekwa kutolewa damu. Nilibaki mimi."

"Tuiangalie vipi?"

"Rukaya, mimi ni dereva. Kasema muiangalie. Mama si alikuwa anaambiwa hivyohivyo?"

Mama yao alikufa kwa presha. Miaka yake ya mwisho kila muuguzi aliyempima alimwambia, angalia chumvi, mama, na maana yake ilikuwa moja: acha. Nyumbani kwao, na nyumba zote za pale mtaani, mtu akisema fulani anaangalia chumvi, anayesikia anajua kwamba huyo ana presha na chakula chake kinapikwa pembeni. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Rukaya alilitafakari jambo lile jioni nzima na likamwingia akilini: kama dawa ni chumvi, na dada anaimeza kila siku, basi chumvi ya chakula ikiongezwa juu yake itazidi. Na daktari alikwisha kusema kwa kinywa chake kwamba ikizidi inadhuru.

Kesho yake mchana alimpakulia Batuli samaki wa kuchemsha na wali. Batuli akatonesha mchuzi kiganjani, akalamba, akafumbua macho.

"Umesahau."

"Sijasahau, dada. Daktari kasema uangalie chumvi. Dawa yenyewe ni chumvi."

Batuli alikitazama kiganja chake.

"Nimerudishiwa ulimi," alisema, "halafu nanyimwa cha kuonjea."

"Ni kwa ajili ya dawa."

"Najua. Sijakataa." Akala. Alikula chote, taratibu, kama mtoto anayetaka kusifiwa. Aliiogopa ile hali kuliko alivyoipenda chumvi, na Rukaya aliliona hilo, akamshukuru moyoni kwa utii wake.

Ikaingia Shaabani, miadi ya Dar ikiwa bado. Watu walikimbizana kuoza kabla ya Ramadhani, na joto lilikuwa la kuunguza mabati. Kila wiki kulikuwa na harusi, na Batuli akarudi kwenye sufuria zake. Watu walikuja kumtazama tu. Alisimama baina ya moto na moto tangu asubuhi, leso kichwani imelowa, jasho linamtiririka mpaka kwenye viwiko, anafinya chumvi anatupa, anafinya anatupa, anatonesha tone kiganjani, anatikisa kichwa au anakubali. Rukaya alikuwa na kisufuria chake kidogo. Kabla Batuli hajatia chumvi, yeye alichota kipande cha nyama na mchuzi, akakiweka pembeni, hicho ndicho cha dada. Alijivunia utaratibu ule. Hakuruhusu mtu mwingine akiguse.

Mikono ilianza kutetemeka kwenye harusi ya binti wa Shuaibu, jirani yao. Kidogo tu, vidole vikishika upawa. Mwanahija, ambaye siku hizo alikuwa akija kusaidia, aliona wa kwanza.

"Batuli, mikono yako inacheza mdundiko."

"Imelala miaka minne," Batuli akasema. "Iache iamke na ngoma yake."

"Ikishaamka uilaze, isije ikatumwagia pilau la watu."

"Likimwagika utapata cha kusema mwaka mzima. Omba limwagike."

Wakacheka. Rukaya alicheka pia, lakini alikwenda kumnong'oneza dada yake apumzike. Batuli akamwambia akapumzike yeye. Akanywa maji, mengi, kikombe juu ya kikombe, kwa kuwa kiu ilikuwa haimwishi.

Baada ya harusi ile tumbo likamwendesha. Walidhani ni chakula. Akatapika asubuhi na mchana, na Rukaya akamkorogea uji mwepesi bila chumvi, akamshikia kikombe kwa sababu mikono yake ilikuwa haitulii tena. Alipoinuka kwenda chooni alipepesuka akashika ukuta. Jirani aliyepita akaona, akapunguza sauti: kaanza tena. Neno hilo lilimchoma Rukaya kuliko yote. Aliona kosa ni lake, kwamba pengine kuna mahali chumvi imepenya, pengine kule harusini Batuli alilamba kiganja mara nyingi mno. Akazidi kukaza. Hata mkate wa dukani aliuondoa.

Alikwenda duka la dawa la barabarani, kwa Mehzabin, mjukuu wa mzee Yusufali, dada mchangamfu aliyewajua wateja wake kwa majina ya mama zao.

"Anaharisha na anatapika," Rukaya alisema. "Nipe kitu cha kumtuliza."

"Kwanza umpe hizi." Mehzabin aliweka kwenye kaunta pakiti za unga wa kuchanganya na maji. "Maji yanamtoka mwilini, lazima yarudishwe. Mpe kidogokidogo kutwa nzima."

"Zina nini ndani?"

"Chumvi na sukari, basi."

Rukaya alizirudisha upande wa Mehzabin kwa kidole. "Chumvi hapana. Mgonjwa wangu anaangalia chumvi."

"Ana presha?"

"Anatumia dawa ya Dar. Daktari bingwa kakataza."

"Kama daktari kakataza sitabishana," Mehzabin akasema, akazifungia kwenye droo. "Lakini mpelekeni hospitali, dada. Msikae naye."

Alimsikia. Alitoka pale amekwisha kuamua. Lakini alipofika nyumbani alimkuta Hamidu amekuja kutoka Lugoba, na Hamidu alikuwa amemwona Batuli akizungumza maneno yasiyokamilika, ulimi mzito kama wa mlevi, macho yanaruka. Hamidu alisema huo si ugonjwa wa hospitali. Alisema mnakumbuka yule mganga wa Ubena alituambia nini, kwamba kilichomshika dada kitarudi. Walibishana sebuleni mbele ya mgonjwa mpaka jua likazama, kila mmoja akiapa kwa jina la mama yao. Rukaya alishinda, lakini alishinda kesho yake asubuhi, na wakati huo Batuli hakuweza tena kusimama.

Hospitali ya mjini hawakumweka hata kidogo. Walimtundikia maji, wakaita gari la wagonjwa, wakampeleka Dar. Ashatu aliwasindikiza mpaka mlangoni mwa gari, akamfunika Batuli miguu kwa kanga yake mwenyewe.

Daktari yule mpole aliitwa akaja. Alimwinulia Batuli kope, akamwinua mkono akautazama unavyoruka, akaagiza damu ipimwe upesi. Kisha akamgeukia Rukaya, ambaye alikuwa amesimama kando ya kitanda ameshika mfuko wa vidonge kama ushahidi wa uaminifu wake.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba. Dawa alikuwa anameza kama tulivyomwelekeza?"

"Hajaruka hata siku moja."

"Maji?"

"Anakunywa sana."

"Na chumvi? Alikuwa anakula chumvi kama kawaida?"

"Hapana, daktari," Rukaya akasema, na sauti yake ilikuwa na fahari iliyochoka. "Hata chembe. Tumeiangalia kama ulivyosema."

Daktari alikaa kwenye kiti cha wageni, jambo ambalo Rukaya hakuwahi kumwona daktari akilifanya.

"Nilimwambia kaka yako muiangalie chumvi yake," alisema. "Muiangalie isipungue wala isizidi. Ale kama alivyozoea kula siku zote."

Daktari alimweleza kwa upole, bila kuharakisha, na kila neno liliingia. Mwili ukikosa chumvi ya chakula, alisema, na jasho likiitoa ile iliyobaki, figo zinaanza kung'ang'ania chochote kinachofanana na chumvi. Zinaishika dawa, hazitaki kuiachia itoke. Dawa inajaa kwenye damu siku hadi siku. Kutetemeka kule ndiko kulikokuwa dalili. Kuharisha ndiko kulikokuwa dalili. Hakumlaumu. Alisema kule alikotoka yeye neno kuangalia lina maana yake ya kawaida, kutazama kitu kisiharibike, na kwamba alipaswa kumwuliza kaka yao ameelewa nini. Alisema tena kwamba alipaswa kuuliza. Kisha matokeo ya damu yakaletwa, akasoma, akainuka akaondoka haraka.

Walimwunganisha Batuli kwenye mashine ya kusafisha damu. Hamidu alikaa korido amejiinamia, kofia ameishika magotini, na kila Rukaya alipopita hakuinua kichwa. Kulikuwa na mambo ambayo kila mmoja angeweza kumwambia mwenziwe, na wote wawili waliyanyamazia.

Kesho yake mchana Batuli alirudiwa na fahamu. Mikono ilikuwa imetulia kidogo. Alimtambua Rukaya, akaomba maji, Rukaya akamtilia tone kwenye midomo kwa pamba. Kupitia dirishani zilisikika sauti za watu wanaongoja saa ya kuwaona wagonjwa. Mwanahija alikuwa amepiga simu kwamba wanakuja, wanawake kumi na zaidi, wamekodi gari, wamepika, wako njiani.

Rukaya hakuwa amekusudia kusema. Alikuwa amejiambia atamweleza akishapona, akisharudi nyumbani, mwaka ujao, siku yoyote isipokuwa ile. Lakini Batuli alimtazama na yale macho yake ya kuonja chakula, na Rukaya akajikuta ameegemea ukingo wa kitanda anasimulia: chumvi, kisufuria, pakiti alizozirudisha dukani, neno moja ambalo alilisikia kwa masikio ya mama. Alisimulia bila kulia, kwa sauti ndogo, kwa sababu kitanda cha pili kulikuwa na watu. Alipomaliza alingoja. Batuli alikuwa amefumba macho, na Rukaya akadhani amelala, akamshukuru Mungu kwamba pengine hakusikia.

Alfajiri iliyofuata Batuli alifariki. Moyo ulisimama kabla Rukaya hajarudi kutoka msikitini. Walimzika Bagamoyo siku ileile, na chakula cha matanga alikipika Mwanahija, na hakuna aliyekisema. Miezi ilipita kabla Rukaya hajawasha moto wa shughuli tena. Ashatu alimtembelea mara kwa mara, akakaa naye, na safari moja, kwa uangalifu mkubwa, akamwuliza analala vipi, anakula vipi, na kama angependa kwenda kuonana na yule daktari. Rukaya alimwambia ataangalia.

Lakini mchana ule hospitali yote hayo yalikuwa bado. Nje mlango wa wodi ulifunguliwa, na kutoka mbali, kwenye ngazi, Rukaya akaisikia sauti ya Mwanahija ikiuliza njia, kubwa kama kawaida yake, na nyuma yake sauti za wengine. Alinyanyuka kujifuta uso. Vidole vya Batuli vikamshika kanga, vikamvuta chini. Hakuwa amelala. Ulimi ulikuwa mzito, ikambidi Rukaya amsogezee sikio mdomoni, akahisi pumzi yake ya moto.

"Wakikuuliza," Batuli akasema, "waambie chumvi niliikataa mwenyewe. Ulinibembeleza, nikakataa."